Shelfu la Boksi Likiyumba, Weka Bisibisi Chini Kwanza

Shelfu langu la vitabu lilikuja vipande vipande ndani ya boksi, nikalipakia kwenye bajaji kutoka madukani hadi nyumbani Chumbageni, hapa Tanga. Kimo chake sentimita 180, upana 80, vibao sita, chipbodi iliyobandikwa karatasi yenye sura ya mninga. Nikaliunga Jumamosi jioni. Kesho yake mke wangu akaweka redio juu, akaligusa kwa kiwiko, likaenda kushoto, likarudi kulia.

"Baba Salma, hili shelfu au bembea?"

Nikachukua bisibisi, nikakaza kila skrubu niliyoiona. Likayumba. Nikakaza tena, mpaka skrubu mbili zikawa zinazunguka bila kushika. Chipbodi ni chembechembe za mbao zilizoshindiliwa na gundi. Haina nyuzi ndefu za kuing'ang'ania skrubu kama mbao yenyewe. Ukipitiliza, tundu linageuka unga. Ndiyo maana nasema bisibisi ikae chini kwanza, ujue linayumba kwa nini.

Toa vitabu vyote, kisha lisogeze kama hatua moja kutoka lilipo. Likitulia, shelfu halina kosa, kosa ni la sakafu. Nyumba nyingi sakafu ya saruji imeteremshwa kidogo kuelekea mlangoni ili maji ya deki yatoke, na huo mteremko usipokuwa sawasawa ndio unaoinua kona moja. Kata vipande vya plastiki ngumu kutoka kwenye dumu lililopasuka, vipachike chini ya kona iliyoinuka mpaka ishike. Usitumie karatasi iliyokunjwa: siku ya deki inalowa, inabonyea, unarudi ulikotoka.

Lakini likiyumba popote unapoliweka, na likiyumba kushoto na kulia (si mbele na nyuma), zunguka ukatazame mgongo wake.

Hapa ndipo nilipoona aibu. Nafundisha hisabati darasa la saba. Kila mwaka huwa naunga vijiti vinne kwa misumari kuwaonyesha watoto: mstatili ukiusukuma unalala upande, pembetatu haisogei hata ukiikalia. Shelfu bila mgongo ni vile vijiti vinne. Hadibodi nyembamba ya nyuma, ambayo mtu anadhani imewekwa kuziba ukuta usionekane, ndiyo inayozuia mstatili usilale. Mimi Jumamosi ile niliipigilia misumari kumi na miwili tu, kwa sababu adhana ya magharibi ilikuwa imeshaanza, na iliyobaki nikaiweka kwenye kopo nikijisifu kwamba nimebana matumizi.

Kwa hiyo tandika mkeka, lilaze shelfu kifudifudi, mgongo juu. Ng'oa misumari ya hadibodi taratibu kwa koleo. Sasa chukua futi ya kupimia, upime kutoka kona ya juu kushoto hadi ya chini kulia, kisha ya juu kulia hadi ya chini kushoto. Vipimo hivyo viwili lazima vilingane. Langu lilitoa 195.5 upande mmoja na 198.5 upande wa pili. Kwa kanuni ya Pythagoras, 80 na 180 zinakupa karibu 197, kwa hiyo shelfu lilikuwa limelala upande tangu siku ya kwanza. Lakini huna haja ya kupiga hesabu, kulingana kunatosha. Shika zile kona mbili zenye kipimo kirefu, zisukume zikaribiane, pima tena. Mwambie mtu akushikie, maana ukiachia linaweza kurudi.

Vipimo vikishalingana, rudisha hadibodi na upige msumari mmoja kila kona. Pima kwa mara nyingine kabla ya kuendelea. Halafu zungusha misumari pande zote nne, mmoja kila sentimita 10. Kwa shelfu la ukubwa wangu ni kama misumari 52. Ongeza mstari mmoja kwenye kibao cha katikati, kile kisichohamishika. Misumari ya inchi moja inafaa. Ukingo wa chipbodi una unene wa milimita 15 hivi, kwa hiyo chora mstari wa penseli kwanza katikati ya unene huo, la sivyo ncha zitatokeza ndani na kukuchania vitabu. Kama hadibodi yako imekuja imekunjwa katikati, au imeshalowa ikajaa mawimbi, usihangaike nayo. Nenda kwa seremala akukatie plaiwudi ya milimita 3 kwa vipimo vyako.

Matundu yaliyokwisha kuwa unga yanatibika. Jaza gundi nyeupe ya mbao, sindilia vijiti vya kuchokonolea meno mpaka vikaze, vikate usawa wa ubao, ulale. Kesho ndipo urudishe skrubu, kwa mkono, na ikigota uache. Vile vidude vya duara vya chuma vya kuzungusha kwa bisibisi havihitaji nguvu: nusu mzunguko kuelekea kulia, basi. Kimoja kikizunguka bila kukamata, usikilaumu. Fungua utazame pini yake, kile kijiti cha chuma ambacho kidude hicho hukishika kichwa. Mara nyingi haikuingia mpaka mwisho, kwa hiyo kichwa chake hakifiki pale kinapotakiwa kushikwa.

Linaloyumba mbele na nyuma ni jambo jingine. Shelfu lina kina cha sentimita 28 na kimo cha 180. Mtoto akipanda kibao cha pili linamwangukia. Langu nimelifunga ukutani kwa vyuma viwili vya umbo la L juu kabisa. Upande wa ukuta, kwa kuwa ni wa tofali za saruji, nilitoboa kwa keekee yenye ncha ya zege ya milimita 6, nikaingiza plagi za plastiki (si za umeme, ni vile vibomba vya kushikia skrubu ukutani), kisha skrubu. Usitoboe juu au chini ya swichi na soketi, nyaya kwa kawaida hupita wima hapo. Upande wa shelfu, skrubu ziingie kwenye kibao cha juu, si kwenye hadibodi, na ziwe fupi kuliko unene wake. Kama umepanga, ongea na mwenye nyumba kabla ya kelele za keekee. Wangu alikubali kwa sharti kwamba nikihama nizibe matundu na nipake rangi.

Vitabu vizito nimevishusha chini, redio imerudi juu. Kibao cha tatu kilikuwa kimepinda kwa uzito wa kamusi na mafaili ya shule, nikakigeuza tumbo juu. Chini ya shelfu nzima nimeweka vipande vya dumu vilivyopandana, vyote vya kimo kimoja isipokuwa kona ya dirishani, iliyohitaji kimoja zaidi. Chipbodi ikishanywa maji inavimba na hairudi. Salma, ambaye deki ni zamu yake, ameambiwa tambara likamuliwe kwanza likifika pale.