Kuizoea Pikipiki ya Zamani Kabla ya Kuipeleka Kwenye Mkusanyiko

Anayenunua pikipiki ya miaka ya 1950 au 1960 hutamani kuipeleka mara moja mbele ya wapenzi wenzake, ilhali inafaa kwanza aizoee karibu na nyumbani kwa wiki kadhaa, kwa safari fupi fupi, mpaka aweze kutofautisha mlio wake wa kawaida na mlio wa ubovu.

Anza na miguu. Pikipiki nyingi za Uingereza zilizotengenezwa kabla ya mwaka 1975 zina gia upande wa kulia na breki ya nyuma upande wa kushoto, kinyume cha pikipiki za leo, na katika baadhi yake gia ya kwanza huingia kwa kuinua pedali badala ya kuikanyaga. Kichwa huelewa tofauti hiyo kwa dakika tano. Mguu huchelewa, na siku ya kushtuka mguu ndio unaoamua. Fanya mazoezi ya kusimama ghafla mahali pasipo na magari, tena na tena. Breki zenyewe ni za drami, ambazo hupoteza nguvu zikipata joto, kwa hiyo kwenye mteremko mrefu shuka na gia ndogo ili injini ikusaidie kuzuia mwendo.

Kuwasha injini kubwa ya silinda moja kunahitaji utaratibu kuliko nguvu. Fungua koki ya petroli, kisha bonyeza kitufe kidogo kilicho juu ya chemba ya kabureta ya chapa ya Amal mpaka petroli iloweshe ncha ya kidole. Kama kuna kiwiko cha kuchelewesha cheche kwenye usukani, kisogeze upande wa kuchelewesha. Kanyaga kiki taratibu mpaka uhisi mgandamizo wa hewa ndani ya silinda unakukatalia. Hapo bana kiwiko cha kuachia mgandamizo, sogeza pistoni ipite kidogo tu kilele chake, achia kiwiko, rudisha kiki juu, ndipo uikanyage mara moja hadi chini kwa uzito wa mwili wote. Ukikanyaga nusu nusu kwa woga, kiki inaweza kurudi kwa kishindo na kuumiza kifundo cha mguu.

Oili ina hila yake. Pikipiki nyingi za aina hii huiweka katika tanki lililo kando na injini, na zikikaa muda mrefu oili hupenya polepole kwenye pampu na kukusanyika chini ya injini, hivi kwamba ukipima kabla ya kuwasha utaona imepungua. Mimi niliongeza karibu lita nzima kwa kujiamini, na kilomita chache baadaye mpira wa kupumulia wa injini ulikuwa ukimwaga oili karibu na tairi la nyuma. Pima baada ya injini kunguruma dakika chache, si kabla. Soma pia tarakimu nne zilizochapwa ubavuni mwa tairi: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Meno yanaweza kuwa marefu huku mpira ukiwa umeshakakamaa.

Kwenye mfuko weka plagi, waya wa klachi, fyuzi, balbu na spana zinazoingia kwenye nati zako, kwa kuwa pikipiki nyingi za Uingereza za wakati huo hazikutumia vipimo vya milimita.

Soma mapema masharti ya kujiandikisha kwenye mkusanyiko. Pioneer Run, msafara wa kila mwaka huko Uingereza, ni ya pikipiki zilizotengenezwa kabla ya mwaka 1915, na Banbury Run, msafara mwingine wa huko, ni ya zile za kabla ya 1931. Mahali pengine hupokea hata za miaka ya 1980. Barabarani, acha zilizo dhaifu zitangulie ili ziamue mwendo wa kundi.

Ukifika, funga koki ya petroli kabla hata ya kuvua kofia, kwa maana mazungumzo yatakusahaulisha. Penye nyasi, weka kipande cha ubao chini ya stendi isizame, na boksi lililokunjuliwa chini ya injini lipokee matone. Usiikalie pikipiki ya mtu wala kugusa vishikio vyake bila idhini. Muulize mwenyewe namna anavyoiwasha, na huenda akakuonyesha kwa furaha. Kabla ya kuondoka, pitisha spana kwenye boliti za bomba la moshi, maana mtikisiko wa injini hizi huzilegeza njiani.