Namna ya Kulinganisha Filamu ya Kale ya Kisayansi na Toleo Lake Jipya la Hollywood

Mtazamaji anayekutana na toleo jipya la filamu ya kale ya hadithi za kisayansi kwa kawaida huuliza swali moja tu, nalo ni lipi kati ya hayo mawili lililo bora. Swali hilo halina ubaya wowote, lakini likitangulizwa mbele ya mengine yote huzaa majibu mepesi: anayependa ya kale atasema kuwa Hollywood imeishiwa fikra, na aliyezoea picha za kompyuta atasema kuwa ya kale imechakaa. Mwongozo huu unapendekeza njia nyingine, ambayo ni kuichukua kila filamu kuwa usomaji mmoja wa hadithi ileile, kisha kuchunguza kila msomaji alikuwa akiogopa nini katika wakati wake. Ninaamini kwa dhati kwamba toleo jipya hufaulu linapopata hofu yake lenyewe na kuijenga hadithi nzima upya juu ya hofu hiyo, na hushindwa linapoazima hofu ya waliotangulia, au linapoleta hofu mpya na kuacha kila kitu kingine kama kilivyokuwa.

Kazi ya kwanza, kabla ya kutazama chochote, ni kutafuta chanzo. Nyingi kati ya filamu hizi zilitokana na riwaya au na hadithi fupi za magazetini. The War of the Worlds ya 1953 ilitokana na riwaya ya H. G. Wells ya 1898, Planet of the Apes ya 1968 ilitokana na riwaya ya Mfaransa Pierre Boulle ya 1963, na The Fly ya 1958 ilitokana na hadithi ya George Langelaan iliyochapishwa mwaka mmoja kabla yake. Kwa hiyo mwongozaji wa toleo jipya anaweza kuifuata filamu iliyomtangulia, au anaweza kuiruka na kurudi kwenye maandishi. Ukijua amechagua njia ipi, utakuwa umeshaelewa sehemu kubwa ya nia yake.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni The Thing. Mwaka 1938 John W. Campbell alichapisha hadithi kuhusu watafiti walioko Antaktika, ambao wanafukua barafuni kiumbe chenye uwezo wa kuiga umbo la chochote kilicho hai, wao wenyewe wakiwamo. Mtayarishaji Howard Hawks na mwongozaji Christian Nyby walipoitengeneza kuwa filamu mwaka 1951, kwa jina la The Thing from Another World, waliihamishia upande wa Ncha ya Kaskazini, wakauondoa uwezo wa kuiga, na wakamfanya adui kuwa jitu lenye asili ya mmea, lililoigizwa na James Arness. Hatari ikawa nje ya mlango. Wanajeshi wa anga na raia waliomo kambini wanashikamana, na anayeuhatarisha umoja wao ni mwanasayansi anayetamani kuzungumza na jitu hilo badala ya kuliua. John Carpenter, katika toleo lake la 1982, aliirudisha hadithi Antaktika, akaurudisha uwezo wa kuiga, na akarudisha pia jaribio la damu lililomo katika maandishi ya Campbell, ambamo waya wa moto huchovywa katika damu ya kila mtu ili kumfichua asiye binadamu. Hapo hatari imo ndani ya kambi, wanaume 12 hawawezi kuaminiana, na ule mshikamano ulioiokoa kambi ya 1951 hauwezekani tena.

Pamoja na hayo, Carpenter hakuidharau filamu ya Hawks. Jina la filamu yake linajitokeza kwenye skrini kama linaloungua, vilevile kama la 1951, na katika mkanda wa video ulioachwa na Wanorwe, watafiti waliokifukua kiumbe hicho kwanza, wanaonekana watu wamejipanga juu ya barafu kuzunguka chombo kilichozikwa, kama walivyojipanga wanajeshi wa Hawks. Andika mahali penye salamu za namna hii kila unapozikuta, lakini usizihesabu kuwa ushahidi wa ubora, kwa maana hata toleo dhaifu linaweza kuwa na salamu nyingi.

Ukishakijua chanzo, tazama filamu ya kale kwanza, hata kama ile mpya umekwisha kuiona mara nyingi. Ukianza na mpya utaitazama ya kale kwa kungoja matukio unayoyajua, na utaiona kuwa ya polepole kwa sababu tu haikupi unachokingoja. Tafuta nakala ya rangi nyeusi na nyeupe ikiwa filamu ilipigwa hivyo. Invasion of the Body Snatchers ya 1956 iliwahi kutiwa rangi miaka mingi baadaye, na rangi hizo zinaharibu vivuli vilivyobeba sehemu kubwa ya wasiwasi wake. Tazama pia kwa sauti yake ya asili. Watazamaji wengi wa Kenya na Tanzania wamezizoea filamu zenye msimulizi wa Kiswahili anayesema juu ya sauti ya waigizaji, nayo ni sanaa ninayoiheshimu, lakini kwa zoezi hili iwekwe kando, kwa sababu msimulizi hana budi kuufunika muziki na ukimya. Katika The Day the Earth Stood Still ya 1951, Bernard Herrmann alitumia theremini, ala ya umeme inayopigwa bila kuguswa, na sauti yake ndiyo inayotufanya tumwone mgeni kuwa mgeni kweli, ingawa sura yake ni ya binadamu wa kawaida.

Kisha uwe na daftari. Kwa kila filamu andika adui anaingiaje, nani anaaminiwa na nani haaminiwi, hadithi imewekwa mahali gani, na mwishowe ni nani anayebaki na matumaini. Mambo haya manne yanatosha, na yakijibiwa kwa uangalifu huonyesha hofu iliyo chini ya filamu bila haja ya kubahatisha. Jozi ninayoipendekeza zaidi kwa mazoezi si jozi hasa, kwa sababu hadithi ya Jack Finney, iliyotoka kwa sehemu katika gazeti la Collier's mwaka 1954 na kuwa kitabu mwaka uliofuata, imefanywa filamu mara nne. Maganda kutoka anga za mbali yanatoa nakala za watu wakiwa usingizini. Nakala hizo zina sura na kumbukumbu za wenyewe, ila hazina hisia.

Don Siegel, katika Invasion of the Body Snatchers ya 1956 niliyoitaja juu, aliiweka hadithi katika mji mdogo wa kubuni wa Santa Mira, California, ambako daktari anamjua kila mtu kwa jina. Mahali hapo ndipo penye hofu: mtu anakuja kliniki kulalamika kwamba jamaa yake si jamaa yake, ingawa hakuna kilichobadilika usoni. Wahakiki wamebishana tangu hapo kama filamu inazungumzia woga wa ukomunisti au shinikizo la kufanana lililoandamana na msako wa wakomunisti wakati wa Seneta Joseph McCarthy. Naona filamu inazibeba tafsiri zote mbili, na sioni sababu ya kuilazimisha ichague moja. Studio ilidai iongezwe sehemu ya mwanzo na ya mwisho zinazoleta matumaini, jambo ambalo Siegel hakulitaka. Unapotazama, jaribu kuziondoa akilini sehemu hizo mbili uone filamu inakuwaje.

Philip Kaufman, mwaka 1978, aliihamishia San Francisco, na kwa uhamisho huo mmoja kila kitu kikabadilika. Katika jiji kubwa mtu akiwa baridi ghafla, nani atashangaa? Mhusika mkuu, aliyeigizwa na Donald Sutherland, ni mkaguzi wa afya wa serikali, na Leonard Nimoy ni daktari wa akili anayeandika vitabu vya ushauri. Huyu humwambia kila anayelalamika kwamba mwenziwe si yeye kuwa tatizo liko katika uhusiano wao wenyewe. Hofu ya Siegel ilikuwa ya jirani anayejulikana, na ya Kaufman ni ya watu waliokwisha kuzoea kutojuana, ambao wataalamu wamewafundisha kutoziamini hisia zao. Itazame filamu hii mara mbili, na mara ya pili usiwatazame waigizaji wakuu bali walio nyuma yao: magari ya taka yanayobeba mabaki ya kijivu, watu wanaosimama na kukodoa macho bila sababu. Kevin McCarthy, aliyekuwa daktari wa filamu ya 1956, anatokea akikimbia katikati ya magari na kupiga ukelele wa onyo, kana kwamba hakupumzika kwa miaka 22, naye Siegel mwenyewe anaonekana kama dereva wa teksi. Mwisho wake sitausema. Kaufman hakuwa na studio iliyomlazimisha kufariji, na tofauti hiyo ni bora uione mwenyewe.

Abel Ferrara, mwaka 1993, alichagua kambi ya jeshi, mahali ambapo kufanana na kutii ni kanuni hata kabla ya maganda kufika, kwa hiyo ni vigumu kujua nani amekwisha kubadilishwa. Ni wazo zuri sana. Toleo la 2007, The Invasion, lenye Nicole Kidman, lilikuwa na hofu ya wakati wake pia, kwa kuwa ndani yake uvamizi huenea kama ugonjwa wa kuambukiza, na taarifa za habari zinaonyesha kwamba dunia ya watu wasio na hisia inaanza kupata amani. Hapo palikuwa na swali zito, yaani kama amani hiyo ina thamani ya gharama yake. Lakini studio haikuridhika na kazi ya mwongozaji Oliver Hirschbiegel, ikawaita wengine waandike na kupiga sehemu mpya, na filamu inaliacha swali lake na kukimbilia magari yanayofukuzana.

Kuhusu viumbe na mbinu za picha, nashauri uyaandike baada ya yale manne, kwa sababu mbinu ina maana pale tu inapoitumikia hofu. The Fly ya 1958 inambadilisha mwanasayansi kwa mara moja: kichwa na mkono wake vinabadilishana na vya nzi, na siri inafichwa chini ya kitambaa hadi mkewe anapokivuta. David Cronenberg, mwaka 1986, aliunganisha mtu na nzi katika chembe za urithi, ili mabadiliko yaje taratibu, kwanza kama nguvu mpya, kisha kama kuoza, mbele ya macho ya mwanamke anayempenda. Urembaji wa filamu hiyo ulipata tuzo ya Oscar, na ulistahili, kwa kuwa kila hatua ya ngozi ni hatua ya ugonjwa. Watazamaji wengi wa wakati huo waliufikiria UKIMWI. Cronenberg mwenyewe alieleza kwamba aliwaza kwa upana zaidi, juu ya maradhi na uzee.

Toleo lililoshindwa nalo lichunguzwe kwa heshima ileile. Katika The Day the Earth Stood Still ya Robert Wise, Klaatu, yule mgeni kutoka anga za mbali, anakuja Washington kuonya kwamba wanadamu wasipeleke ukatili wao kwenye sayari nyingine, na onyo hilo lina uzito kwa kuwa amekaa miongoni mwetu: anapanga chumba katika nyumba ya wapangaji, anatembea na mtoto hadi makaburi ya Arlington, anasoma maneno ya Lincoln ukutani. Toleo la 2008, lenye Keanu Reeves, lilibadilisha tishio likawa uharibifu wa mazingira, hofu ya kweli na ya wakati wake. Lakini Klaatu huyu muda mwingi anashikiliwa au anafukuzwa, na hapati nafasi ya kuishi kama mpangaji wa kawaida, hivyo anapobadili nia kuhusu wanadamu hatujaona vya kutosha kilichombadilisha. Ukiandika kwamba filamu ni mbaya hujasema kitu. Ukionyesha tukio lililoondolewa na kazi iliyokuwa ikifanywa na tukio hilo, msomaji wako anaweza kwenda kulithibitisha.

Usiyatumie mapato wala maoni ya wiki ya kwanza kama kipimo. The Thing ya Carpenter ilitoka tarehe 25 Juni 1982, siku moja na Blade Runner, wiki mbili baada ya E.T., na ilipokewa vibaya na wahakiki na watazamaji. Leo inatajwa miongoni mwa matoleo mapya bora kuliko yote.

Utakapofika kwenye kuandika ulinganisho, anza na tukio moja linalopatikana katika filamu zote mbili, na usianze kwa kusimulia hadithi nzima. Kwa The War of the Worlds, kwa mfano, weka shambulio la kwanza la mwaka 1953 karibu na lile la Steven Spielberg la 2005. Katika la kwanza shujaa ni mwanasayansi, na baadaye jeshi linajaribu hata bomu la atomiki bila mafanikio. Katika la pili ni mwendesha winchi wa bandarini, baba aliyeachana na mkewe, anayerudi nyumbani akiwa amefunikwa na vumbi la watu walioteketezwa, picha ambayo Mmarekani aliyeyashuhudia mashambulio ya Septemba 2001 hakuhitaji kufafanuliwa. Kisha onyesha kisichobadilika: wavamizi wote wawili wanauawa na vijidudu, kama Wells alivyoandika.

Mwenye jioni moja tu achukue The Fly zote mbili, kwa kuwa kila moja ina takriban dakika 95 na zinaweza kutazamwa zikifuatana. Filamu nne za Finney zinahitaji angalau siku mbili, huku hadithi yenyewe ikisomwa kabla ya filamu ya kwanza.