Umehamia Kigoma na hujui usuke wapi? Anza hivi

Usiingie saluni ya kwanza unayoiona pale Mwanga eti kisa bango zuri. Angalia vichwa vya watu, ukimwona dada sokoni kasuka vizuri muulize tu, shoga umesukwa wapi, hawezi kukunyima. Nenda katikati ya wiki, Jumamosi foleni utaichoka. Na usianze na dawa ya kulainisha nywele jamani! Suka twende kilioni kwanza, ile mistari ya kawaida ya kurudi nyuma, uone mkono wa msusi ukoje, akivuta nywele za mbele mpaka nyusi zinapanda mwambie alegeze, ukimwonea aibu zitakatika na hela ushalipa. Siku ukiweka dawa usiwe umejikuna wala una kidonda kichwani, itakuunguza. Bei mpatane kabla hujakaa, uliza na rasta kama zimo humo humo.