Somo: Boti ya karatasi kwa familia zilizovuka ziwa

Mtoto wa Kigoma haulizi boti ni nini. Ndiyo maana kwenye somo la amani nimemwacha njiwa, nikachagua boti.

Mei 2015, Rais Pierre Nkurunziza wa Burundi alipotaka muhula wa tatu, maelfu ya Warundi waliotishwa na kuwindwa makwao walikimbilia Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika. Hapakuwa na gati, hivyo mitumbwi iliwafikisha watu kwenye meli ya MV Liemba, nayo ikawaleta Kigoma mjini. Kutoka hapo wengi walipelekwa Nyarugusu, kambi iliyokuwa ikiwahifadhi Wakongo tangu 1996. Wasimulieni watoto hayo kwanza, kwa ufupi, bila habari za damu.

Kila mtoto apate karatasi moja ya A4. Iliyotumika upande mmoja inatosha.

1. Andikeni kabla ya kukunja. Katikati ya karatasi, mtoto amwandikie mtoto mwenzake aliye kambini sentensi moja. Hapa msiwe na haraka. Wengi wataandika "pole, maskini". Waulizeni: ungehamia shule ngeni, ungependa uambiwe nini? Darasani kwangu mmoja alifuta "maskini", akaandika "Njoo tucheze rede."

2. Kunja karatasi nusu kwa nusu, ukingo mfupi juu ya ukingo mfupi, maandishi yabaki ndani. Mkunjo uwe juu.

3. Kunja tena nusu, kushoto kwenda kulia, kisha kunjua. Umepata mstari wa katikati.

4. Shusha pembe mbili za juu zikutane kwenye mstari huo. Chini utabaki utepe: pandisha wa mbele, geuza, pandisha wa nyuma. Sasa ni kofia. Watavaa, waacheni wavae.

5. Ingiza vidole gumba ndani ya kofia, ifungue, ilaze iwe mraba. Pembe za utepe zinazopishana zichomeke moja chini ya nyingine. Hapa ndipo wengi hukwama.

6. Pandisha pembe ya chini ya mbele hadi juu, geuza, fanya vivyo hivyo. Fungua tena kwa vidole gumba, laza iwe mraba.

7. Shika ncha mbili za juu, zivute taratibu huku na huku. Boti hiyo.

Maswali yenu

Mwalimu, wangu wana miaka mitano, hatua ya 5 inawashinda.
Tumia ukurasa wa gazeti. Mkunjo mkubwa hauwashindi, na ujumbe wauchore kwa rangi nzito.

Nina mwanafunzi ambaye familia yake ndiyo ilikimbia. Nifanyeje?
Zungumza na mzazi wake kabla ya kipindi. Usimsimamishe asimulie mbele ya wenzake. Akitaka kukunja, akunje. Akitaka kukaa kimya, akae. Na usimpe boti ya pole. Yeye ni mwenzao wa darasa, si mgeni wa somo.

Zikishakuwa tayari tunazipeleka wapi?
Kambini huingii bila kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani, kwa hiyo usiwapange watoto kwa safari. Tafuta shirika, kanisa au msikiti ambao tayari unahudumu huko, uliza kwanza kama watazipokea. Usiwaahidi watoto kwamba watajibiwa. Zetu tulizipanga kwenye boksi la viatu, safu moja tu, maana boti iliyolaliwa na nyingine haisimami tena.