Kumwezesha mtumiaji kuchagua picha bila kuifungua maktaba yake yote

Mkulima wa kahawa wa Moshi anayetaka kumtumia bwana shamba picha ya jani lenye ugonjwa wa kutu hana sababu ya kuionyesha programu yako picha zake zote za harusi na za watoto. Kwa hiyo usiombe ruhusa ya maktaba nzima. Tumia kichagua picha cha mfumo wenyewe, kilicholetwa katika iOS 14 mwaka 2020 na katika Android 13 mwaka 2022.

Katika Android, sajili PickVisualMedia, yaani msimbo uliotayarishwa wa kukifungua kichagua hicho, mapema, skrini inapoundwa, kisha uiite mtumiaji anapobonyeza kitufe. Utarudishiwa anwani ya picha aliyoichagua, au utupu (null) iwapo ameghairi. Hali hii ya pili usiisahau, la sivyo programu inaweza kujifunga ghafla.

Anwani hiyo haidumu, kwani simu ikizimwa na kuwashwa ruhusa yake hupotea. Mimi huinakili picha papo hapo kwenye hifadhi ya programu, nikiipunguza ukubwa ili ipite kwenye mtandao dhaifu wa vijiji vya mlimani, ila si kiasi cha kufuta ungaunga wa rangi ya chungwa ulio upande wa chini wa jani, kwa maana huo ndio bwana shamba anaoutafuta.