Jinsi ya Kujiandaa kwa Drafti ya Fantasi Kabla ya Ligi Kuu ya Uingereza Kuanza

Kila Agosti, siku chache kabla ya Ligi Kuu ya Uingereza kuanza, sisi watu wanane hukutana Kondele, Kisumu, kugawana wachezaji. Drafti ninayoizungumzia si ile ya vifuniko vya soda inayochezwa chini ya mti karibu na stendi ya bodaboda, ingawa wanaoicheza hiyo wangetushinda kwa kuona hatua tatu mbele. Hii ni fantasi, yaani mchezo wa kwenye programu ya simu ambamo unaunda kikosi cha wanasoka halisi na kupata alama kwa wanachofanya uwanjani, na katika aina hii kila mwanasoka ana mwenyewe mmoja tu katika kundi lenu: ukimchukua mfungaji mkubwa Erling Haaland, wenzako hawana budi kumtazama akikuletea wewe alama hadi Mei. Hamna bajeti ya milioni 100 kama ile ya fantasi ya kawaida, hamna nahodha wa kuzidishiwa alama, wala hamna sharti la kutozidisha wachezaji watatu wa klabu moja. Kila kitu hutegemea zamu.

Zamu zenyewe huenda na kurudi. Programu hupanga majina kwa bahati nasibu, kisha mzunguko wa kwanza hutoka nambari 1 hadi 8, wa pili hurudi kutoka 8 hadi 1, na kuendelea hivyo mpaka kila mtu awe na wachezaji 15. Aliye nambari 8 hupata wa nane na wa tisa kwa mpigo, lakini baada ya hapo wachezaji 14 huondoka kabla hajaulizwa tena. Anayeingia na orodha ya majina makubwa pekee hupotea mapema, kwa maana anachohitaji kujua ni nani watakuwa wamekwisha zamu yake itakaporudi.

Hapo ndipo hesabu inapoingia, na ningekushauri uifanye kwa kalamu kwenye daftari la shule, ukurasa mmoja kwa kila nafasi. Kila kikosi kina makipa 2, mabeki 5, viungo 5 na washambulizi 3. Mkiwa watu wanane, mnahitaji washambulizi 24. Ligi ina klabu 20, na nyingi kati yazo huanza mechi na mshambulizi mmoja tu wa kati, kwa hiyo hawatoshi: lazima baadhi yenu mbaki na watu wa benchi. Makipa mnaohitaji ni 16, na wanaoanza ni 20, hivyo hata wa mwisho kuchagua atapata kipa anayecheza kila wiki. Mabeki 40 ni kama nusu tu ya wale wanaoanza kila wikendi. Kundi la watu kumi hubadilisha mambo, kwa kuwa makipa wanaohitajika huwa 20 kamili, na anayezubaa hubaki na kipa wa akiba.

Kutokana na hesabu hiyo, mimi huchukua washambulizi wawili katika zamu tano za kwanza, hata pale ambapo kiungo aliyebaki ana sifa kubwa zaidi. Haaland alifunga mabao 36 katika msimu wa 2022/23, 27 uliofuata, na 22 katika 2024/25. Hata msimu huo uliokuwa hafifu kwake, ni wachache waliomfikia. Usidharau pia mshambulizi wa timu dhaifu. Klabu zote tatu zilizopanda daraja mwaka 2023 zilishuka, na za mwaka 2024 zikashuka vilevile, lakini Liam Delap alifunga mabao 12 akiwa na Ipswich iliyoshuka. Chris Wood naye alifunga 20 akiwa Nottingham Forest msimu huohuo. Beki wa timu kama Ipswich ni mzigo, ilhali mshambulizi wake anayeanza kila wiki ni mali.

Baada ya washambulizi, tafuta viungo ambao kwa kweli ni washambulizi. Bao la mshambulizi lina alama 4, la kiungo 5, na la beki 6, na kiungo huongezewa alama 1 timu yake isipofungwa. Mohamed Salah, ambaye fantasi ilimworodhesha kama kiungo, alifunga mabao 29 na kutoa pasi 18 za mabao katika msimu wa 2024/25. Kwenye daftari langu viungo wanaopiga penalti wamepigiwa mstari mwekundu. Mabeki huwaacha wa mwisho, nikitafuta wale wa kati wenye kazi nyingi, kwani tangu msimu wa 2025/26 beki anayefikisha matendo 10 ya ulinzi, yaani kuondosha mpira, kuzuia mkwaju, kunasa pasi na kupokonya, hupata alama 2 hata kama timu yake imefungwa.

Kuhusu mechi za kirafiki za Julai, tazama dakika na wala si mabao. Kijana anayefunga matatu dhidi ya timu iliyochoka huwa amerudi benchi wikendi ya kwanza ya ligi. La maana ni nani alianza mechi ya mwisho ya maandalizi, na nani alipewa mpira wa penalti. Kalenda pia ina neno: Kombe la Afrika la Morocco lilianza Desemba 2025 na kumalizika Januari 2026, na waliokuwa na Salah na Bryan Mbeumo, waliokwenda kuzichezea Misri na Kameruni, walilazimika kuishi bila wao.

Kuna jambo moja dogo lililonigharimu msimu mzima. Mvua ilinyesha jioni ya drafti, umeme ukapotea tukiwa mzunguko wa tatu, na simu yangu ilikuwa na asilimia sita ya chaji. Dakika zangu zilipoisha, programu ilinichagulia yenyewe, na kwa kuwa sikuwa nimepanga orodha yangu ndani yake, ilinipa kipa. Jirani yangu, fundi wa pikipiki, alicheka hadi akamwaga chai. Siku hizi hupanga majina 40 kwenye programu tangu asubuhi, na hununua bando hata kama nilipo pana waifai.

Usishikamane mno na mchezaji wa mwisho kwenye kikosi chako, kwani anaweza kubadilishwa msimu ukiendelea. Mara nyingi dirisha la uhamisho huwa bado wazi ligi inapoanza: Cole Palmer alihamia Chelsea tarehe 1 Septemba 2023, wakati drafti zilikuwa zimeshafanyika, kisha akafunga mabao 22 msimu huo. Mchezaji asiye na mwenyewe huombwa kwenye programu, umwache mmoja wa wako, na aliye mkiani mwa kundi lenu ndiye husikilizwa kwanza. Maombi hufungwa saa 24 kabla ya muda wa mwisho wa kupanga kikosi, nao huwa dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza ya wiki. Kwa mechi ya Jumamosi inayoanza saa nane na nusu mchana wetu, peleka ombi lako kabla ya saa saba mchana Ijumaa. Uingereza ikirudisha saa nyuma mwishoni mwa Oktoba, hiyo saa saba huwa saa nane.