Jinsi ya kuangalia sirizi za kutisha usiku na ukazielewa

Mi niko Kirumba, Mwanza, sirizi za mizimu na za upelelezi naziangalia karibu kila usiku, na kosa naloliona kwa wengi ni kuangalia huku wanachati. Zima taa, simu weka mbali, sauti usiipandishe sana maana hofu tamu iko kwenye vile vikelele vidogo, mlango unalia kidogo tu, mtu anavuta pumzi, alafu huku kwetu upepo wa ziwa ukianza kugonga mabati saa nne usiku mbona utakumbatia mto mwenyewe.

Pia chukua daftari. Dark, ile sirizi ya Ujerumani ya watu kuruka toka mwaka mmoja kwenda mwingine, ya 2017 mpaka 2020, ina sizoni 3 episodi 26, usipoandika majina na miaka unapotea kabisa, mi nilichora ukoo mzima kwenye daftari la mwanangu la hesabu nikarudia episodi ya kwanza ndo nikaelewa. Iache kwa Kijerumani uweke sabtaito, zile sauti za kuingiziwa zinaua hofu yote.

Bando dogo? Shusha mchana ukipata waifai. Na mwenzio kama hajamaliza usimsimulie mwisho, inauma sana jamani.